Homa Ikishuka, Usishangilie Mapema

Mtu wa mjini akishikwa na homa husema, "Ni malaria tu." Hununua dawa dukani, na viungo vikizidi kuuma huongeza aspirini. Hapo ndipo penye hatari.

Mwaka 2014, na tena mwaka 2019, jiji la Dar es Salaam lilikumbwa na mlipuko wa homa ya dengue, ambayo wengine huiita kidingapopo. Ugonjwa huu huenezwa na mbu anayeuma mchana, nao hupunguza chembe sahani za damu.

Chembe sahani ni vijichembe vinavyoziba mshipa unapopasuka. Mtu mwenye afya huwa na kati ya 150,000 na 450,000 katika kila maikrolita ya damu. Zikipungua kidogo hahisi lolote. Zikipungua sana, damu huvuja yenyewe.

Utazitambuaje dalili? Kwanza ni vidoa vyekundu vidogo kama ncha ya sindano, hasa miguuni. Ukivikandamiza kwa bilauri ya kioo havifutiki. Kwa mwenye ngozi nyeusi, tazama pia ndani ya mdomo. Pili, damu kuvilia chini ya ngozi bila kugongwa. Tatu, kutokwa damu puani, au kwenye fizi wakati wa kupiga mswaki. Nne, hedhi nzito kuliko kawaida. Kutapika damu, kupata choo cheusi kama lami, au kuumwa kichwa ghafla na kuchanganyikiwa, hizo ni dalili za kukimbilia hospitali saa hiyo hiyo.

Dengue ina hila moja. Hatari yake kubwa huja homa inaposhuka, kati ya siku ya tatu na ya saba. Nyumbani watu hushangilia kwamba mgonjwa amepona, kumbe ndio kwanza tumbo linaanza kumkata, anatapika mfululizo na kuishiwa nguvu. Huyo asiachwe alale.

Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki huzuia chembe sahani kufanya kazi. Basi, kabla ya kujua homa ni ya nini, tumia parasetamo kwa kiasi kilichoelekezwa, na unywe maji ya kutosha. Kisha nenda ukapime malaria, ambayo nayo hupunguza chembe hizo, na uombe kipimo cha picha kamili ya damu. Jibu la maabara halibahatishwi kwa macho.