Panya, Miche na Homa ya Mgunda

Mkulima wa Newala anapofukia mbegu za mahindi baada ya mvua za kwanza, hofu yake kubwa ni jua. Hata hivyo, yuko adui mwingine ajaye usiku. Panya wa shambani, ambaye wataalamu humwita Mastomys natalensis, hufukua mbegu zilizopandwa karibuni na kukata miche katika wiki zake mbili za mwanzo. Katika figo za panya huyo huyo huweza kuishi bakteria wanaomdhuru binadamu. Ndiyo maana habari za miche zinamhusu pia daktari.

Si kila panya ni mharibifu. Katika misitu ya milima ya Usambara Mashariki, panyabuku hubeba mbegu za mti uitwao msambu na kuzifukia huku na huko kama akiba. Nyingi huliwa, lakini zile anazozisahau huweza kuota mbali na mti mama. Msitu unaposalia na utulivu wake, mnyama huyo ni mlaji wa mbegu na pia mpandaji wake.

Mambo hubadilika ardhi inapovurugwa. Panya wa shambani hastawi katika msitu mnene. Hustawi palipofyekwa, palipochomwa moto, na katika mashamba yaliyoachwa yakaota magugu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, walilinganisha mashamba yaliyotayarishwa kwa kufyeka na kuchoma na yale yaliyolimwa kwa trekta. Panya walikuwa wengi zaidi katika yale ya kwanza. Katika yaliyolimwa kwa trekta, walielekea kujikusanya pembezoni. Moto huondoa majani ya juu, lakini mashimo chini ya udongo husalia. Jike naye hubeba mimba kwa wiki tatu na siku chache tu, kisha huweza kuzaa watoto kumi au zaidi kwa mara moja. Mvua nzuri ikitangulia, uzazi nao hutangulia.

Wingi huo hauishii kwenye hasara ya mavuno. Mnamo Julai 2022, Wizara ya Afya ilitangaza mlipuko wa ugonjwa katika Wilaya ya Ruangwa, mkoa jirani wa Lindi. Wagonjwa 20 walikuwa wameripotiwa, na 3 kati yao walifariki. Uchunguzi ulibaini kuwa ni leptospirosisi, ambayo wananchi waliambiwa ni homa ya mgunda, yaani homa ya shamba.

Bakteria wake hutoka katika mkojo wa panya na wanyama wengine, wakachafua maji na udongo wenye unyevu. Huingia mwilini kupitia michubuko, macho, pua au kinywa. Mpanda mpunga katika mabonde yanayoteremka kuelekea mdomo wa Mto Ruvuma, asimamaye majini bila viatu, yumo hatarini sawa na mpalizi wa uwandani. Dalili ni homa, maumivu ya kichwa na ya misuli, hasa ya mashavu ya miguu, na macho kuwa mekundu. Ugonjwa ukizidi, ngozi huwa ya manjano, figo hushindwa kazi, na mgonjwa huweza kutokwa na damu.

Kinga huanzia shambani. Majirani wakisafisha mipaka ya mashamba na kupanda kwa wakati mmoja, panya hukosa maficho, na hasara haimwelemei mkulima mmoja. Sumu isiyo na lebo isitumike, kwani watoto huweza kuila. Kwa kuwa panya ni kitoweo katika sehemu za Mtwara, ieleweke kwamba kupika hadi kuiva vizuri huua bakteria hawa; hatari kubwa imo katika kuchuna kwa mikono yenye michubuko. Aliyekufa kwa sumu asiliwe kabisa.

Kwa wahudumu wa zahanati, homa ambayo kipimo cha malaria hakikuthibitisha isiishie hapo. Mgonjwa aulizwe kuhusu shamba, maji na panya katika mwezi uliotangulia. Ugonjwa huu hutibika kwa dawa za kuua bakteria, zikiwemo doksisaiklini na penisilini, na tiba hufaa zaidi ikianza kabla figo hazijaathirika.