Maji ya Ndizi kwa Wachumaji: Namna Wafanyavyo Maruku

Wanachama wetu, msimu wa kuchuma ukifika, shauri la kwanza la mwenye shamba ni wachumaji, na shauri la wachumaji ni kiu. Soda hununuliwa kwa fedha, na huku ndizi zinaiva chini ya mikarafuu yetu mpaka zinaoza. Kwa hiyo twaona yafaa tueleze namna wenzetu wa Bukoba wanavyokamua ndizi.

Maruku ni kata iliyo kusini ya mji wa Bukoba, magharibi ya Ziwa Victoria. Hapo pana kituo cha TARI kinachochunguza migomba. Katika kibanja cha Mhaya mgomba hukaa pamoja na mbuni, kama wetu ukaavyo pamoja na mkarafuu. Maji matamu ya ndizi, kabla hayajachacha, huitwa mramba.

Kazi yenyewe ni hii. Hukatwa ndizi zilizokomaa za aina ya embire, ambazo ni kakasi na hazifai kupikwa. Huivishwa kwa joto, aghalabu shimoni, zimefunikwa kwa majani ya mgomba. Zikiisha kuiva humenywa, hutiwa pamoja na nyasi safi katika hori la mti lililochongwa kama mtumbwi, zikakanyagwa kwa miguu. Mwanzoni hazitiwi maji. Nyasi hushika nyama ya ndizi, na maji yakatoka peke yake; bila ya nyasi hupatikana uji.

Atakaye kujaribu nyumbani asianze na mkungu mzima. Achukue chane moja ya ndizi zilizoiva sana, azimenye, azifinyange katika beseni kwa mikono iliyooshwa, pamoja na konzi mbili za nyasi zilizooshwa na kukaushwa. Maji yakitengana, ayachuje kwa kitambaa. Si kila ndizi hukubali. Aina moja ikikataa, ajaribu nyingine. Yakiwa matamu mno, atie maji yaliyochemshwa yakapoa, ndimu, nanaa iliyopondwa, na punje mbili tatu za karafuu.

Sasa tuangalie hatari yake. Hamira ya maumbile imo katika maganda, nyasi na vyombo. Ikikuta sukari na joto, huigeuza sukari ikawa kileo. Wahaya wakitaka pombe yao, lubisi, hutia unga wa mtama uliokaangwa, wakafunika, na kwa kiasi cha siku moja huwa tayari. Hata bila ya mtama, maji yaliyolala yaweza kuchacha. Yaliyokuwa halali jana yaweza kuwa haramu leo katika chombo kile kile, na aliye juu ya mkarafuu hana haja ya kizunguzungu.

Basi shikeni mambo matatu. Kwanza, kamueni asubuhi, nyweni siku ile ile. Pili, yakiwa ni ya kuweka, yapasheni moto mpaka yakaribie kuchemka, engueni povu, yatieni yangali ya moto katika chupa zilizochemshwa, mzizibe. Tatu, yakitoa povu baada ya kupoa, au yakinuka uchachu, yamwageni.

Mwanachama atakayejaribu atujulishe ni ndizi gani iliyokubali, ili tuwaarifu na wenziwe, inshallah.