Tochi ya kutafutia gizani: Lumeni nyingi pekee hazitoshi katika ukungu wa Rungwe

Mtu anapopotea jioni katika Wilaya ya Rungwe, awe mtoto aliyechelewa kurudi, mzee aliyeondoka nyumbani bila kuaga au mgeni aliyekosea njia akishuka kutoka Ziwa Ngozi, msako wa kwanza hufanywa na majirani kwa tochi walizonazo. Saa hizo za mwanzo ndizo zenye thamani kubwa. Tukuyu ipo katika mwinuko wa zaidi ya mita 1,500 na hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka. Mtu aliyelowa akalala nje katika baridi hiyo hupoteza joto la mwili upesi, na maisha yake huwa hatarini kabla ya kupambazuka.

Kwa sababu hiyo, uchaguzi wa tochi si jambo dogo kwa kaya, kwa uongozi wa kijiji wala kwa vikundi vya ulinzi shirikishi. Tatizo ni kwamba wanunuzi wengi huongozwa na namba moja tu iliyoandikwa kwenye boksi, yaani lumeni.

Lumeni hupima jumla ya mwanga unaotoka kwenye taa pande zote. Haielezi mwanga huo unafika wapi. Kinachoeleza nguvu ya mwale katika mwelekeo mmoja ni kandela. Chukua tochi mbili, kila moja ikiwa na lumeni 500. Ya kwanza inatawanya mwanga kwa upana wa nyuzi 120, kama taa ya sebuleni. Kwa hesabu, mwale wake unafika mita 25 hivi. Ya pili inakusanya mwanga uleule katika nyuzi 10 tu, na mwale wake unaweza kukaribia mita 290. Lumeni ni zilezile, lakini kazi ni tofauti kabisa.

Umbali huo hupimwa kwa kiwango cha Marekani kiitwacho ANSI FL1, kilichotolewa mwaka 2009 na kinachofuatwa na watengenezaji wengi makini. Hapo mwale huhesabiwa kuwa umefika mahali ambapo mwanga umebaki robo ya luksi, sawa na mbalamwezi ya usiku usio na mawingu. Mbalamwezi inatosha kuona kwamba kuna kitu. Haitoshi kutambua kama ni gogo au mtu aliyelala. Mwanga hupungua mara nne kila umbali unapoongezeka maradufu, hivyo ni busara kuutegemea mwale kwa nusu au theluthi ya umbali ulioandikwa. Tochi ya mita 200 ihesabiwe kuwa ya mita 70 hadi 100.

Hayo yote ni kwa hewa safi, na Rungwe haina hewa ya namna hiyo kila usiku. Ukungu unaposhuka juu ya mashamba ya chai au kwenye msitu wa Mlima Rungwe, matone yake hurudisha mwanga machoni mwa anayetafuta, naye huona ukuta mweupe. Madereva wa barabara ya Mbeya hadi Kyela wanalijua hilo, ndiyo maana hushusha taa zao. Tochi yenye nguvu zaidi, ikishikwa karibu na macho, huongeza weupe huo. Dawa yake ni mwale mwembamba ulioshikwa chini, usawa wa kiuno au goti, mbali na uso. Tochi ya kichwani, ambayo ni nzuri sana kwa kutembea kwenye utelezi huku mikono ikiwa huru, ndiyo inayosumbua zaidi katika ukungu.

Hata hivyo, tochi ya kichwani ina faida moja ambayo haipaswi kupuuzwa. Macho ya ng'ombe na mbwa, pamoja na vizibao vya kuakisi mwanga wanavyovaa waendesha bodaboda, hurudisha mwanga kule ulikotoka. Taa ikiwa karibu na macho ya anayetafuta, mng'ao huo huonekana kwa mbali. Kundi la msako linahitaji aina zote mbili: tochi za kichwani kwa watembeao, na angalau moja ya mkononi yenye mwale mwembamba.

Katika migomba mambo hubadilika tena. Majani huzuia mwale baada ya mita chache, na hapo tochi ya mita 300 haina faida kuliko ya mita 50. Lumeni 200 hadi 300 zilizotawanyika kiasi zinatosha. Mwanga usiwe wa buluu sana; mweupe wa wastani hutenganisha vizuri zaidi rangi ya nguo na rangi ya udongo na majani.

Suala la betri ndilo lenye udanganyifu mwingi. Betri moja ya lithiamu ya aina ya 18650, iliyo ya kawaida katika tochi za kuchaji, ikiwa bora huwa na takribani mAh 3,400, sawa na wati 12 kwa saa moja. Taa ya LED hutoa karibu lumeni 100 kwa kila wati. Maana yake ni kwamba betri hiyo inatoa lumeni 1,000 kwa saa moja na dakika chache, au lumeni 300 kwa saa nne. Boksi linaloahidi lumeni 10,000 kwa saa nane kutoka betri moja linaahidi nishati ya betri zaidi ya 60. Vivyo hivyo, betri ya ukubwa huo iliyoandikwa mAh 9,900 haisemi kweli.

Mnunuzi aangalie pia alama ya kuzuia maji. IPX4 inamaanisha tochi inastahimili maji yanayorushwa, na IPX7 inastahimili kuzamishwa mita 1 kwa dakika 30. Kwa mvua za Rungwe na mito kama Kiwira, IPX7 inastahili nyongeza ya bei. Tochi ijaribiwe kwenye chumba chenye giza kabla ya kulipa, si juani kwenye meza ya sokoni.

Mtu akipotea, taarifa itolewe mapema kwa uongozi wa kijiji na kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kupitia namba 114, bila kusubiri tochi za majirani zishindwe. Wakati wa msako, kila baada ya muda watu wote wasimame, waite jina, wazime taa na kusikiliza. Macho huhitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza kikamilifu, kwa hiyo asiwepo anayemulika wenzake usoni.

Tochi ya dharura inayotumia betri kavu ihifadhiwe betri zikiwa zimetolewa, kwani zikivuja huharibu viunganishi. Ile ya kuchaji ikaguliwe kila baada ya miezi mitatu.