Kamba, Mawe na Maua

Aprili 28, 1994, watu walianza kumiminika wilayani Ngara, Tanzania, kupitia daraja la Rusumo mpakani na Rwanda. Kwa muda wa takriban saa 24, Wanyarwanda wapatao 250,000 walikuwa wamevuka, na eneo la Benaco likageuka kambi, mji wa maturubai. Mto Kagera nao ulikuwa ukishusha maiti za waliouawa Rwanda kuelekea Ziwa Victoria. Ngara na Biharamulo zilipokea pia Warundi waliokimbia vita. Wahangaza, ambao lugha yao iko karibu na za wageni hao, waliyasikia masaibu yao bila mkalimani.

Desemba 1996 Wanyarwanda wakarejeshwa kwao. Kiwewe hakikubaki kambini.

Aliyenusurika kuuawa anaweza kuishi miaka mingi akilima na kulea, kisha siku moja harufu ya moshi ikamrudisha palepale: moyo unamwenda mbio, jasho linamtoka, pumzi inakata. Wanyarwanda huita hali hiyo ihahamuka. Wataalamu hueleza kwamba kumbukumbu ina pande mbili. Upande wa moto hubeba sauti, harufu na hofu. Upande wa baridi hubeba mahali, tarehe, kilichotangulia na kilichofuata. Kwa mwenye kiwewe pande hizi zimeachana, hivyo mwili hupambana na hatari ya zamani kana kwamba iko mlangoni.

Kuziunganisha ndiyo kazi ya tiba ya kusimulia maisha, iliyobuniwa na Maggie Schauer, Frank Neuner na Thomas Elbert wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani. Vifaa vyake vinapatikana kijiji chochote. Mgonjwa hutandika kamba chini, ndiyo maisha yake tangu kuzaliwa. Penye furaha huweka ua, penye msiba jiwe. Vikao vinavyofuata hupitia kila jiwe kwa zamu, polepole: ilikuwa saa ngapi, ulisimama wapi, mwili ulihisi nini, na sasa unahisi nini? Mshauri huandika, na kikao kinachofuata humsomea alichosema ili arekebishe.

Je, wilaya isiyo na daktari bingwa wa akili itaiweza? Jibu lilitoka Nakivale, kambi ya Uganda isiyo mbali na mpaka wa Kagera. Huko wakimbizi wenyewe walifunzwa ushauri, wakawahudumia Wanyarwanda na Wasomali. Utafiti wa huko, uliochapishwa mwaka 2008, ulihusisha watu 277. Baada ya vikao sita tu na miezi kadhaa ya kufuatiliwa, asilimia 70 ya waliosimulia maisha yao hawakuwa tena na ugonjwa wa kiwewe. Kwa waliopata ushauri wa namna nyingine ni 65, na kwa wasiotibiwa 37.

Kwa hiyo mhudumu wa afya wa kijiji cha Ngara au Biharamulo, anayejua lugha ya jirani yake, anastahili kupewa mafunzo hayo na msimamizi wa kumwongoza. Katika kikao cha mwisho cha tiba hiyo, maandishi husomwa yote, mwenyewe huyatia saini na kukabidhiwa. Pale chini, sehemu ya kamba huachwa imekunjwa: ni miaka ambayo bado hajaiishi.