TAZARA na Mafundi Wake

Kuendesha mtambo na kuutunza ni kazi mbili, na muda wa kujifunza haulingani. Dereva wa treni aliyepata mwalimu mzuri huiva mapema. Fundi anayesikia injini ikibadili mlio akajua kilichoharibika huchukua miaka kupatikana, na miradi mingi ya umma humtengea wiki chache za semina. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, imeyapitia yote hayo kwa karibu nusu karne.

Mafunzo yalikuwamo tangu mwanzo. Mwaka 1964, akiwa ziarani Afrika, Waziri Mkuu wa China Zhou Enlai alitangaza kanuni nane za misaada ya nchi yake, na mojawapo ilitaka wenyeji waachwe wakiwa wameushika ufundi barabara. Ujenzi wa reli kwa msaada wa China ulipoanza mwaka 1970, vijana wa Kitanzania na Kizambia walijifunzia kazini. Lugha ilikuwa kikwazo, hivyo fundi wa Kichina alishika chombo na kufanya kazi, kijana akatazama, kisha akarudia. Njia hiyo ilifaa kutandika mataruma na kushindilia kokoto. Haikutosha kwa mambo yasiyoonekana kwa macho, kama kukadiria vipuri vya miaka mitano ijayo au kupanga treni zipishane wapi kwenye njia moja. Kwa hayo wapo waliopelekwa Beijing kusomea uhandisi wa reli, na Mpika, Zambia, pakawa na chuo na karakana kubwa.

Reli ilikabidhiwa Julai 1976, na haikuchukua muda matatizo yakaanza. Vichwa vya treni vilivyotoka China vilikuwa vya dizeli na haidroliki, navyo vilizidiwa na milima iliyo kati ya Mlimba na Makambako. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 vikaletwa vichwa vya dizeli na umeme vyenye teknolojia ya Marekani. Vilivuta vizuri zaidi, lakini bingwa wa haidroliki alijikuta mwanafunzi tena. Mara nyingi anayechagua mashine hukaa ofisi moja na anayepanga mafunzo ofisi nyingine, na fundi ndiye hulipia umbali huo.

Hata fundi hodari hafui dafu bila vipuri. Reli hii ilijengwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka na haikuwahi kufikia kiwango hicho. Baada ya ubaguzi wa rangi kuisha Afrika Kusini, shaba ya Zambia ilipata njia nyingine za kwenda baharini, na mapato yakazidi kushuka. Mishahara ilichelewa. Karakanani vifaa vilinyofolewa kwenye vichwa vibovu ili vingine vitembee, ustadi wa kusifiwa kwa kweli, ingawa kila mwezi ulipunguza idadi ya vichwa vinavyoweza kufufuliwa. Magenge ya kukagua njia, ambayo hayakumbukwi mpaka behewa lianguke, yalipungua pia. Wakati huo kizazi kilichofundishwa na Wachina kilikuwa kinastaafu. Mzee wa karakana akiondoka kabla kijana hajaajiriwa, alichokijua kuhusu mashine ile moja huondoka naye, kwa kuwa sehemu kubwa haikuandikwa popote.

Mwaka 2025 Tanzania na Zambia zilitia saini mkataba na kampuni ya China, CCECC, ya kuikarabati reli na kuiendesha kwa miaka 30, kwa uwekezaji wa takriban dola bilioni 1.4. Safari hii mjenzi hakabidhi na kuondoka, kwa hiyo muda wa kufundishana upo. Atakayeajiriwa leo akiwa na miaka 20 atakuwa na 50 mkataba ukiisha, yaani ujana wake wote wa kazi utakuwa chini ya mwendeshaji huyo. Akiutumia kupakia mizigo na kukata tiketi, serikali mbili zitapokea reli na kulazimika kuajiri mafundi kutoka nje. Akipita karakana, chumba cha kuongozea treni na ofisi ya ununuzi wa vipuri, atakuwa tayari kuipokea.