Mikono Iliyovuta Pumzi kwa Niaba ya Wagonjwa

Mwezi wa Agosti 1952 hospitali ya Blegdam mjini Copenhagen, nchini Denmark, ililemewa. Ugonjwa wa polio uliingia mjini kwa nguvu ambayo haikupata kuonekana, na kuna siku walizoletwa wagonjwa hamsini. Wengi walikuwa watoto. Polio hiyo haikupooza miguu tu. Ilishika pia misuli ya kifua na koo, hata mgonjwa akashindwa kuvuta pumzi wala kumeza mate yake mwenyewe. Hospitali ilikuwa na pafu la chuma moja tu, yaani lile sanduku kubwa ambalo mgonjwa hulazwa ndani yake kichwa kikabaki nje, pamoja na mashine sita ndogo za kufungwa kifuani. Katika majuma ya kwanza wagonjwa 31 walitibiwa kwa mashine hizo. Walikufa 27.

Ndipo mkuu wa hospitali, Profesa H.C.A. Lassen, alipokubali kumwita Bjørn Ibsen, daktari wa usingizi. Jambo hilo lilikuwa geni, maana daktari wa usingizi wa siku zile hakuonekana nje ya chumba cha upasuaji. Ibsen alichunguza habari za waliokufa. Kabla ya kufa walitoka jasho jingi, shinikizo la damu likapanda, na kipimo cha kaboni dioksidi katika damu yao kikawa juu. Wenzake walifikiri kwamba polio ilikuwa imekwisha haribu ubongo. Yeye aliona jambo jepesi zaidi, na la kutisha zaidi: watu hao walikosa pumzi wakiwa ndani ya mashine zilizowekwa kuwapa pumzi.

Tarehe 27 Agosti aliletewa msichana wa miaka 12 aliyekuwa karibu kukata roho. Alitobolewa tundu chini ya koo, akapitishiwa mpira, na mpira ukaunganishwa na mfuko wa kuminywa kwa mkono. Mtoto akapigana nao, hewa ikakataa kuingia. Baadhi ya madaktari waliokuwa wakitazama wakatoka chumbani. Ibsen akampa dawa ya usingizi. Msichana akatulia, akaacha kabisa kujivutia pumzi, na hapo daktari akaweza kumpumulia kwa mfuko. Jasho likakauka, ngozi ikapata rangi. Aliporudishwa kwenye mashine kwa majaribio, hali ilianza kuharibika. Alipopewa mfuko tena, akapata nafuu. Aliishi hadi 1971.

Lakini mfuko haujiminyi. Waliitwa wanafunzi wa udaktari, na kabla ya mlipuko kwisha walikuwa wamefika kama 1,500. Kila mmoja alikaa kwa zamu kichwani pa mgonjwa wake, akiminya na kuachia, saa baada ya saa, usiku kucha. Kuna wakati wagonjwa 70 walipumuliwa hivyo kwa pamoja. Mgonjwa mwenye mpira kooni hana sauti. Hivyo mwanafunzi alijifunza kusoma midomo na macho, na wengine waliwasomea watoto vitabu kwa mkono mmoja ulio huru. Na wako waliominya hadi mgonjwa akafa mikononi mwao, kisha zamu iliyofuata wakarudi. Mwanzoni waliokufa miongoni mwa walioshindwa kupumua walizidi 80 katika kila 100. Mwishoni walishuka hadi kama 25.

Desemba 1953 Ibsen alifungua katika hospitali nyingine ya mji huohuo wodi ambamo wagonjwa mahututi wa kila namna waliangaliwa bila kukoma. Ndiyo inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya aina yake.

Korona ilipotapakaa duniani mwaka 2020, serikali nyingi zilikimbilia kununua mashine za kupumulia, na magazeti yalihesabu mashine kama bunduki ghalani. Watu wa kukaa nazo hawakununulika. Mjini Wuhan, China, hospitali ya Huoshenshan yenye vitanda 1,000 ilijengwa kwa siku chache. Wa kuihudumia walikuwa waganga na wauguzi 1,400 wa jeshi. Kumgeuza mgonjwa mmoja alale kifudifudi ili mapafu yafunguke, huku mipira yake yote ikilindwa isichomoke, ilikuwa kazi ya watu wanne au watano, na baada ya saa kadhaa walirudi kumgeuza tena.