Shamba la Mlimani na Samaki wa Ziwani

Ndugu msomaji, ukifika Mbamba Bay au Liuli siku ziwa limetulia, ingia majini mpaka magotini, upapase jiwe. Utaona linateleza. Utelezi huo wa kijani ni mwani mdogo sana, nawe usiudharau: ndio malisho ya samaki. Mbuna, wale samaki wa rangi za kupendeza wakaao penye mawe, huukwangua kwa meno yao kama mbuzi alavyo majani. Nao samaki wakubwa huwala mbuna.

Je, malisho hayo hupata wapi rutuba? Mahali pawili. Kwanza, chini ziwani. Ziwa Nyasa lina kina cha mita 700 hivi, na mabaki ya viumbe huzama huko. Tangu Mei hata Agosti upepo wa Mwera huvuma kwa nguvu kutoka kusini, huyavuruga maji na kuipandisha rutuba. Pili, nchi kavu. Wakati wa masika mito hushuka kutoka milima ya Umatengo, ikileta udongo na majani yaliyooza.

Labda utauliza: "Kama udongo una rutuba, si heri ushuke mwingi?" Sivyo. Chumvi kidogo hukoleza mboga, chumvi nyingi huiharibu. Udongo ukizidi, maji huwa mekundu, mwanga wa jua haufiki kwenye mawe, na tope hulala juu ya mwani kama blanketi. Malisho hufa. Naye mbasa, apandaye mto Ruhuhu kutaga mayai penye changarawe, akikuta zimezibwa na tope, mayai yake hukosa hewa.

Hata baharini ni vivyo hivyo. Pwani ya baridi ya Afrika Kusini ina misitu ya mwani mrefu kama miti, makao ya samaki wengi. Matope yakifunika mwamba, miche ya mwani huo haipati pa kushika.

Dawa wazee wa Kimatengo waliijua zamani: ngoro. Mkulima hufyeka majani, huyapanga miraba miraba mteremkoni, kisha huchimba udongo wa katikati na kuyafunika. Maharage huota juu ya matuta, mashimo hushika maji ya mvua, na majani huoza yakawa mbolea. Udongo haushuki. Hivyo mwenye ngoro hulinda shamba lake, na pia wavu wa mvuvi wa Lituhi asiyemjua.

Hasara huja pale mtu alimapo mteremko mtupu, au afyekapo hata ukingoni mwa mto. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yataka mita 60 kando ya mto na ziwa zisiharibiwe.

Basi, baba na mama, mvua ikiisha kunyesha nendeni mkatazame kijito kilicho chini ya shamba lenu. Kikiwa chekundu, jueni kwamba shamba lenyewe linaondoka, na kitoweo cha wenzenu wa ziwani kinaondoka pamoja nalo.